Fizi Nyeusi za Yeshi

Yeshihareg alikuwa mkaanga kolo. Kolo ni shayiri ya kukaanga, huchanganywa na dengu, na watu huitafuna wakinywa kahawa. Mjini Debre Tabor walimwita Yeshi tu, na kolo yake ilijulikana mpaka stendi ya mabasi.

Kila asubuhi, baridi ikiwa bado kali, Yeshi alikuwa keshawasha moto. Alimwaga shayiri kwenye kikaango kipana, akaikoroga bila kupumzika, mpaka harufu ikavuka ua na kuingia kwa jirani.

Kujua kama imeiva ilikuwa kazi ya meno. Yeshi aliokota punje moja, akaiweka kwenye magego, akaiuma. Ikivunjika kach, imeiva. Ikinata, bado. Ikiwa tayari alipaza sauti:

"Imeiva!"

Na ng'ambo ya ua sauti nzito ilimjibu:

"Lete!"

Huyo alikuwa kaka yake, Ayalew, fundi seremala. Yeye na mkewe Zenebech waliishi nyumba ya pili. Yeshi alimpitishia kiganja cha kwanza cha kolo juu ya ua, moto moto, kabla hata wateja hawajafika. Miaka nenda miaka rudi asubuhi zao zilianza hivyo.

Sasa nikwambie habari ya mdomo wa Yeshi, maana hadithi yote iko humo.

Alipokuwa msichana, mama yake alimpeleka kwa bibi mmoja mchoma fizi. Kwao huo ni urembo wa wanawake tangu zamani. Bibi alizichoma fizi za juu kwa miiba, akazipaka masizi, akazichoma tena. Ayalew, kijana wakati ule, alimshika dada yake mkono. Yeshi alilia sana. Ayalew naye alilia, ingawa baadaye alikana kabisa. Vidonda vilipopona, fizi zilikuwa nyeusi tii, na meno yalionekana meupe maradufu. Mtu akimwona Yeshi anacheka, alimtazama mara ya pili.

Lakini mdomo ule haukuwa wa kucheka tu. Palipotokea msiba, Yeshi ndiye aliyeanzisha mbolezi, yale mashairi ya kumlilia maiti. Alimtaja marehemu kwa jina, akataja kazi ya mikono yake, utani wake, hata kofia yake. Wanawake waliitikia, na hata mwanamume mkavu wa macho alitafuta leso. Mtu aliyeliliwa na Yeshi alihesabiwa kuwa amezikwa vizuri.

Kisha fizi zikaanza kutoa damu.

Mwanzo ilikuwa damu kidogo kwenye mswaki. Yeshi akasema moyoni, "Ninaziumiza. Acha zipumzike." Akaacha mswaki. Damu haikukoma. Mdomo ukaanza kunuka, na fizi zikauma. Akakumbuka maneno ya marehemu mama yake: fizi zikichomwa, zinakaza. Akarudi kwa mchoma fizi, akachomwa upya. Zilivimba, zikapoa, na rangi ikakolea. Akajitazama kwenye kioo, akaona fizi nyeusi zinazong'aa. Akaamini amepona.

Hakuwa amepona. Meno ya mbele yalianza kucheza. Akawa anakula upande mmoja. Akaanza kuvuta mtandio wake mweupe na kufunika mdomo kila alipozungumza. Watu walidhani ni heshima ya utu uzima. Punje ya kolo sasa aliiuma binti yake, Tiringo, msichana wa kidato cha pili. Na Tiringo ndiye aliyepaza sauti:

"Imeiva, mjomba!"

"Sijasikia," Ayalew alijibu. "Mwenye kolo mwenyewe aseme."

Yeshi hakusema. Siku moja Ayalew alizunguka ua, akaja kukaa kwenye kigoda karibu na moto.

"Yeshi, una nini mdomoni?"

"Sina kitu."

"Mbona unazungumza na mtandio? Nenda hospitali. Wewe ndiye redio ya mtaa huu. Redio ikiharibika, tutajuaje nani kafa?"

Yeshi alicheka ndani ya mtandio. "Nenda wewe kwanza ukapime sukari yako. Miguu imekuvimba, na bado unatia asali kwenye kila kitu."

"Nitakwenda wiki ijayo."

"Basi na mimi wiki ijayo."

Ndivyo walivyokuwa. Kila mmoja alimhurumia mwenzake, na hakuna aliyekwenda.

*

Ayalew alikufa mwanzoni mwa majira ya mvua. Kidonda cha mguu kilioza kwa sababu ya sukari. Walipomfikisha hospitali, maji yalikuwa yamekwisha kumwagika.

Uani kwake wanawake walisimama duara. Jeneza lilikuwa katikati. Wote walimgeukia Yeshi. Nani mwingine angeanza? Aliyelala pale alikuwa kaka yake, tumbo moja.

Yeshi alikuwa na maneno. Usiku kucha yalikuwa yakimjia yenyewe: randa yake, asali yake, ule mkono aliomshika siku ya miiba. Akavuta pumzi, akafungua mdomo. Jino la mbele likacheza kwa ulimi. Ladha ya usaha ikamjaa. Wanawake walikuwa karibu sana, uso kwa uso. Aliona watakavyogeuza pua. Aliona jino likidondoka juu ya jeneza la kaka yake.

Akafunga mdomo. Akabana mtandio kwa mikono miwili.

Walingoja. Kisha mwanamke mmoja, mgeni wa mtaa wa juu, akaanzisha mbolezi. Hakumjua Ayalew. Aliimba maneno ya kila mtu, yale yanayoimbwa kwa mfanyabiashara na kwa mkulima. Hakutaja randa wala asali. Ayalew akazikwa hivyo.

Jioni Zenebech alimkuta Yeshi jikoni, anaosha vikombe. Macho yake yalikuwa mekundu, sauti yake kavu.

"Wifi, uliwalilia walevi. Ulimlilia mwenye kinu, aliyekuwa akikupunja shayiri. Ayalew amekukosea nini?"

Yeshi alitikisa kichwa.

"Nisemeshe. Hata sasa hunisemeshi?"

Yeshi alitazama chini. Angesema nini? Kwamba meno yananuka? Kwamba aliona aibu mbele ya maiti ya kaka yake? Alinyamaza, na kunyamaza kule Zenebech alikuchukua kuwa jibu.

"Sawa," alisema. "Arobaini ikifika, usisumbuke kuja."

*

Yeshi alirudi kwake. Tiringo alimwekea injera, ule mkate wao mwembamba na laini, na mchuzi wa dengu. Yeshi alimega tonge, akatafuna mara mbili, akasimama. Akatoa kitu mdomoni, akakifunga kiganjani.

"Mama, nini hicho?"

"Jiwe la dengu."

"Dengu nimechagua mwenyewe. Fungua mkono."

Yeshi alifungua mkono. Lilikuwa jino, refu, zima, halikutoboka hata kidogo. Tiringo alilitazama, akamtazama mama yake, akaushusha ule mtandio taratibu. Harufu ilimpiga usoni. Hakugeuka.

"Ndiyo maana hukumlilia mjomba," alisema.

Hapo Yeshi alilia. Alilia bila sauti, mdomo wazi, na damu kidogo kwenye mdomo wa chini. Tiringo alimshika kichwa kama mtu anayeshika mtoto.

"Kesho tunakwenda hospitali, mama."

"Wiki ij..."

"Mama." Tiringo hakupandisha sauti. "Usilimalize hilo neno."

*

Daktari wa meno aliitwa Bruktawit. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye haraka ya mikono na upole wa maneno. Alimlaza Yeshi kwenye kiti, akawasha taa.

"Mama yangu, toa mtandio. Nimeona midomo mingi. Wako hautanishangaza."

Alichukua kijiti chembamba cha chuma chenye alama. Akakiingiza polepole kati ya jino na fizi, jino moja baada ya jingine. Penye fizi nzima, kijiti huzama kidogo tu. Kwa Yeshi kilizama sana, na kila kilipotoka kilitoka na damu. Akampiga picha za eksirei, akamwonyesha kwenye kioo cha kompyuta.

"Huu ni mfupa wa taya. Ndio unaoshika meno. Unaona hapa nyuma umesimama? Sasa tazama hapa mbele. Umeliwa."

"Umeliwa na nini? Mdudu?"

"Siyo mdudu wa kuonekana. Mtu akila, utando laini hubaki kwenye meno. Humo vijidudu huzaana. Usipotolewa kwa mswaki, utando huganda, ukawa ukoga mgumu kama jiwe. Ukoga huo hushuka chini ya fizi. Fizi huvimba na kutoa damu. Ugonjwa ukiendelea, hula mfupa. Jino halina tundu, halina kosa lolote, ila limekosa pa kujishika. Lile lililodondoka, lilikuwa zima?"

"Zima kabisa," alisema Tiringo.

"Basi ndiyo hayo."

Yeshi alifikiri kidogo. "Mimi niliacha mswaki kwa sababu ya damu. Nilidhani naziumiza."

"Wengi hufanya hivyo. Damu ni fizi inayoomba kusafishwa. Ungetumia mswaki laini, taratibu, kila siku, na ungekuja tukutolee ukoga, damu ingekoma."

"Nikaenda kuchomwa tena, zikaze."

Daktari aliweka kijiti chini. Akavua barakoa, akainua mdomo wake wa juu kwa kidole. Fizi zake nazo zilikuwa nyeusi.

"Bibi yangu alinipeleka," alisema. "Sitakudharau kwa hilo, na wewe usijidharau. Lakini kuchoma hakukazi fizi. Miiba huingiza vijidudu vipya, na ikitumiwa kwa watu wengi huambukiza magonjwa mabaya zaidi. Na kuna jambo la pili. Fizi yenye ugonjwa hubadilika rangi, ikawa nyekundu. Rangi hiyo ndiyo inayomwonya mtu. Yako ilifunikwa na masizi. Ulijitazama kwenye kioo ukaona uzuri, na chini yake moto unawaka."

Kisha akauliza, huku akiandaa vifaa:

"Kwenu kuna mwenye kisukari?"

"Kaka yangu."

"Anaendeleaje?"

"Tumemzika jana."

Mikono ya daktari ilitulia. "Pole sana, mama yangu."

"Kwa nini umeuliza?"

"Kwa sababu sukari na fizi huchocheana. Sukari ikipanda, fizi huoza haraka. Na fizi zikioza, sukari huwa ngumu kushuka. Tutakupima leo hii hii. Kisukari hufuata damu ya ukoo."

Yeshi alipimwa. Sukari yake ilikuwa sawa. Ungedhani atafurahi. Alifunika uso, akasema polepole, "Aliniambia niende. Nikamwambia aende yeye kwanza."

Daktari alimwita Tiringo naye kitini. Fizi za msichana hazikuwa zimechomwa. Zilikuwa za waridi, ila ukingoni palikuwa pekundu, na mswaki ulipogusa, damu ilitoka.

"Nilimwahidi nitampeleka kwa mchoma fizi likizo hii," alisema Yeshi. "Kwa ajili ya hiyo damu."

"Huyu ameanza tu. Mfupa wake haujaguswa. Akisafishwa leo, na akasafisha mwenyewe asubuhi na usiku, fizi zitarudi kama zilivyokuwa. Kwako wewe, mama, sitakudanganya. Mfupa ulioliwa haurudi wenyewe. Mawili ya mbele lazima niyang'oe. Yaliyobaki tunaweza kuyaokoa, ukinisaidia."

"Na pengo? Kuna arobaini ya kaka yangu. Nataka kuwa na meno siku hiyo."

"Nitakutengenezea meno ya bandia ya kuvaa na kuvua. Lakini si sasa. Fizi zako zimevimba. Nikichukua kipimo leo, zikinywea meno yatacheza mdomoni. Ngoja zipone kwanza. Arobaini itapita kabla."

"Nasikia huko Addis Ababa wanapanda meno ya skrubu," alisema Tiringo.

"Ndiyo. Skrubu hutiwa ndani ya mfupa, na jino jipya hufungwa juu yake. Penye mfupa haba, wataalamu wanaweza hata kuongeza unga wa mfupa kwanza. Ni kazi nzuri. Lakini ukipanda skrubu kwenye fizi yenye ugonjwa, nayo italegea na kudondoka. Kwanza tunazima moto. Nyumba tutajenga baadaye."

Daktari akaanza. Alimchoma sindano ya ganzi, akang'oa meno mawili. Kisha akakwangua ukoga chini ya fizi za upande wa kulia. Ulitoka vipande vyeusi, vigumu, na Yeshi aliona haya kuvitazama. Baada ya wiki alirudi, akafanyiwa upande wa kushoto. Alipewa dawa ya kusukutua na vibrashi vidogo vya kupitisha katikati ya meno.

Tiringo alimsimamia kama mwalimu. Asubuhi na usiku walisimama pamoja uani, kila mtu na mswaki wake.

"Polepole, mama. Husugui sufuria."

"Umenizaa wewe?"

"Ukingoni mwa fizi. Zungusha. Na ndani pia, upande wa ulimi."

Siku za kwanza mate yalitoka mekundu. Kisha yakawa ya waridi. Asubuhi moja Yeshi alitema, akatazama chini, akaita binti yake aje aone. Mate yalikuwa meupe. Na ile harufu iliyokuwa ikimwamsha usiku ilikuwa imeondoka.

Meno yaliyobaki yakaanza kutulia. Lakini mbele palikuwa na pengo, pana, la meno matatu, chini ya fizi nyeusi. Na arobaini ilikuwa imefika.

*

Zenebech alikuwa amesema asisumbuke kuja. Yeshi alikaanga shayiri usiku uliotangulia, akajaza kapu, akajifunika mtandio. Aliingia uani kwa kaka yake wakati makasisi wamekwisha kula na wanawake wamekaa na kahawa. Zenebech alisimama na birika mkononi.

"Nilikwambia nini, wifi?"

"Uliniambia nisije. Nimekuja kukuonyesha kitu. Ukishakiona, nifukuze."

Yeshi alishusha mtandio mpaka mabegani. Akafungua mdomo mbele yao wote.

Mwanamke mmoja akashika kifua. Yeshi aliyejulikana kwa meno yake alikuwa na pengo kama la mtoto wa miaka saba.

"Siku ile yalikuwa yanacheza na kutoa usaha," alisema, na herufi zilipita pengoni zikipiga mbinja. "Nilikuwa nanuka. Niliogopa mtanikimbia. Niliogopa jino litaangukia jeneza. Maneno nilikuwa nayo, Zenebech. Nilikuwa nayo yote. Niliona aibu kwa ajili ya meno, na kaka yangu akazikwa kwa maneno ya mtu mwingine."

Hakungoja kuambiwa karibu. Alisimama pale pale, mikono kifuani, akaanza:

*Ayalew, fundi wa randa,*
*vitanda vya mtaa huu ni vyako, na wewe umelala udongoni.*
*Ayalew, mpenda asali,*
*utamu wako ndio uliokumaliza.*
*Ulinishika mkono nilipochomwa, ukalia, ukakana.*
*Mimi sikukushika wako.*
*Uliniambia, redio ikiharibika, tutajuaje nani kafa?*
*Iliharibika, kaka yangu.*
*Iliharibika siku uliyoihitaji.*

Sauti haikuwa ile ya zamani. Ilipasuka, ikapiga mbinja kwenye pengo, na mate yakamtoka. Hakufunika. Wanawake waliitikia, mmoja, wawili, kisha wote. Zenebech aliweka birika chini. Alimwendea wifi yake, akaweka paji la uso begani kwake, akalia kilio alichokuwa amekibana tangu siku ya maziko.

"Ungeniambia," alisema. "Yeshi, ungeniambia tu. Mimi mwenyewe natema damu kila asubuhi."

Yeshi alimshika uso. "Kesho tunakwenda. Usiniambie wiki ijayo."

*

Mvua zilikwisha, maua ya njano yakajaa vilimani. Yeshi alipata meno yake ya bandia, matatu, yaliyofungwa kwenye kibao chembamba cha rangi ya fizi. Daktari aliuliza kama apake kibao rangi nyeusi, kifanane na zake. Yeshi alifikiri, akakataa. "Acha rangi yake," alisema. "Kikibadilika nikione." Kila usiku aliyavua, akayasugua, akayalaza kwenye maji safi. Kila baada ya miezi michache alirudi kuangaliwa, kwa sababu ugonjwa wa fizi ukitulizwa hulala tu. Jino jingine halikudondoka.

Zenebech alisafishwa ukoga, na damu yake ikakoma. Fizi za Tiringo zilirudi za waridi, na hakuna aliyetaja tena habari ya miiba.

Asubuhi moja ya baridi Yeshi alikuwa kwenye kikaango. Tiringo alinyoosha mkono achukue punje, kama alivyozoea.

"Acha," alisema mama yake.

Aliokota punje mwenyewe. Aliiweka kwenye magego ya nyuma, yale yaliyookolewa. Akaiuma kwa woga kidogo.

Kach.

Na kabla hajafikiri, mdomo ukafuata mazoea yake ya miaka yote:

"Imeiva!"

Kisha akakumbuka. Kijiti cha kukorogea kikasimama mkononi. Ng'ambo ya ua palikuwa kimya, kimya kabisa. Shayiri ikaanza kuungua. Tiringo alikisogeza kikaango pembeni mwa moto.

Ndipo mlango ukalia upande wa pili. Viatu vikaja polepole mpaka kwenye ua, na sauti ya mwanamke, ambayo haikuwa nzito hata kidogo, ikasema:

"Lete."